Mnazihesabu Noti za Cortot, Mnayaacha Matendo Yake

Mwezi uliopita nilihudhuria semina ya walimu wa piano na wanafunzi wao, nikatoka na hasira ambayo haijanitoka mpaka leo. Mwezeshaji aliweka rekodi ya Alfred Cortot, mpiga piano wa Ufaransa, akipiga Études za Chopin, yaani vipande vya kujenga ufundi, zile za mwaka 1933 na 1934, akawaambia vijana: kila mtakaposikia noti iliyokosewa, nyoosheni mkono. Mikono ikapanda, vicheko vikafuata, na mwisho wa mchezo akahitimisha kwamba mzee huyu, angeletwa mbele ya mtahini leo, asingefaulu hata mtihani wa piano wa daraja la nane. Kisha tukaambiwa twende tukanywe chai.

Niliomba nafasi ya kujibu, nikapewa dakika mbili. Dakika mbili hazimtoshi Cortot, kwa mema yake wala kwa mabaya yake, na yote mawili yaliachwa nje ya chumba kile. Vijana wale wamerudi makwao wakijua jambo moja tu kuhusu mpiga piano aliyewafundisha walimu wa walimu wao: kwamba alikuwa anakosea. Hilo limeniuma.

Mashine kwanza. Cortot alipokaa kurekodi miaka ile, studio haikuwa na utepe wa sumaku. Hakukuwa na kukata wala kuunga. Upande mmoja wa santuri ulibeba dakika nne hivi. Unakaa, unapewa ishara, unapiga tangu noti ya kwanza hadi ya mwisho, na kilichochongwa ndicho kilichochongwa. Rekodi nyingi za studio tunazozisikiliza sasa zimeshonwa kutoka vipande kadhaa, na fundi akazifuta alama za mshono. Kumpima mtu wa 1933 kwa rula hiyo ni kumwonea.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba hata kwa vipimo vya zama zake Cortot alikosea kupita wenzake. Rachmaninoff, mtunzi na mpiga piano wa Urusi, alirekodi kwa vyombo vya aina ileile na vidole vyake vilitoka safi kabisa. Cortot alikuwa anaongoza orkestra, anaendesha shule, anahariri vitabu, anasafiri kutoka jukwaa hadi jukwaa, na muda wa kukaa na piano ulimponyoka. Na rekodi zake za miaka ya 1950, mwili ulipokuwa umechoka, mimi mwenyewe nazisikiliza kwa shida. Haya, tumeyasema.

Sasa turudi kwenye rekodi ileile waliyoichekea, mfike op. 25 (yaani opus, namba ya mkusanyiko) namba 7, ile ya C-sharp minor. Mkono wa kushoto ndio unaoimba. Wapiga piano wengi wakifika hapo wanaupa mkono wa kushoto sauti kubwa, basi, wanadhani kazi imekwisha. Cortot anaufanya uimbe kama sello: unavuta pumzi kabla ya sentensi, unachelewa juu ya noti inayouma, unaikimbia ile isiyo na uzito, na mkono wa kulia unajibu kutoka mbali kama mtu anayesikiliza huku akiwa na la kwake la kusema. Mwisho wa ukurasa umesikia watu wawili, wala hukumbuki tena kwamba ni mtu mmoja na sanduku moja la mbao na nyaya. Katika dakika hizo kuna noti zilizokwaruzwa, ndiyo. Mtu aliyezishughulikia hizo atakuwa amezikosa nyingine zote.

Na hakuipata sauti hiyo kwa bahati. Tangu mwaka 1905 Cortot alipiga katika utatu na Jacques Thibaud kwenye fidla na Pablo Casals kwenye sello, urafiki wa jukwaani uliodumu hadi miaka ya 1930. Sikilizeni Trio ya Schubert ya B-flat waliyorekodi mwaka 1926, halafu mrudi kwenye étude ile; mtajua mkono wake wa kushoto ulijifunza kwa nani. Kabla ya hapo alikuwa Bayreuth, Ujerumani, kwenye tamasha la opera za Wagner, kijana wa kuwafanyisha mazoezi waimbaji, na mwaka 1902, akiwa na miaka 24, akasimama mbele ya orkestra Paris kuongoza Götterdämmerung, opera ya Wagner, kwa mara ya kwanza katika mji huo. Mtu wa namna hiyo akikaa kwenye piano, anasikia tarumbeta, anasikia waimbaji, anasikia kuta za ukumbi. Vidole ni watumishi wake. Kuna nyakati watumishi walijikwaa.

Alizaliwa Nyon, Uswisi, mwaka 1877, baba Mfaransa na mama Mswisi, akalelewa na Conservatoire ya Paris, chuo cha muziki. Mwalimu wake wa awali, Émile Decombes, alihesabiwa miongoni mwa watu wa mwisho waliokuwa karibu na Chopin mwenyewe. Ukoo huo una uzito wake, ila mimi siujengi hoja juu yake, maana wapo wengi waliopita kwa Decombes na hawakutuachia lolote.

Alichotuachia Cortot kiko kwenye karatasi. Mwaka 1915 lilitoka toleo lake la kufanyia mazoezi la Études op. 10 za Chopin, na baada yake yakafuata mengine, ukurasa baada ya ukurasa wa maelezo juu ya kila kipande: ugumu uko wapi, vidole vipi vishike nini, mkono ukae vipi, na kabla hujaigusa étude yenyewe, mazoezi aliyoyatunga yeye kutokana na étude hiyo. Kanuni yake ameiweka mwanzoni kabisa: usikifanyie kazi kifungu kigumu tu, ufanyie kazi ugumu wenyewe uliomo ndani yake, ukiurudisha kwenye umbo lake la awali kabisa. Mimi nilikutana na kanuni hiyo kwenye kopi ya kopi, kingo zimekatika, namba za vidole zimefifia, maelezo kwa Kifaransa ambacho sikukijua. Mwalimu wangu alinitafsiria mstari mmoja mmoja. Kabla ya siku hizo, nilichokijua kuhusu kufanya mazoezi ni kurudia. Ukikosea, rudia. Ukikosea tena, rudia polepole. Ukikosea tena, hufai.

Hapo ndipo ninapokasirika zaidi, kwa sababu ndivyo tunavyowafundisha watoto wengi mpaka leo. Mtoto anafika op. 10 namba 3, ile yenye wimbo mtamu ambao kila mtu anaufahamu, na wimbo hausikiki. Tunamwambia: toa wimbo. Autoeje? Wimbo umeangukia vidole vyake dhaifu, cha nne na cha tano, na mkono huohuo mmoja unatakiwa kuendelea kubembeleza noti za katikati bila kuzipandisha. Kumwambia "toa wimbo" ni kumwambia awe amekwisha kujua. Cortot anakaa chini na tatizo. Anatenganisha sauti ya juu na zile za kati, anaupa mkono kazi ya kubeba uzito upande mmoja na kuuachilia upande wa pili, anabadilisha midundo, anakurudisha hatua nne nyuma hadi mahali ambapo hata wewe unaweza. Halafu anakupandisha. Mtu anayesemekana hakujali usafi ndiye aliyekaa miaka akiwaandikia wengine njia ya kuupata. Mwaka 1928 akatoa kitabu kizima cha misingi ya ufundi wa piano, mazoezi matupu ya vidole, gumba, upana wa kiganja na kifundo cha mkono. Ni kitabu kikavu, na sikipendi. Lakini kinafanya kazi.

Waliokuwa wanacheka wanapenda pia kuyacheka majina aliyozipa Préludes za Chopin, vile vipande vifupi. Zote 24 alizipa kichwa cha habari: moja ni mazishi, nyingine ni mbio za kuelekea shimoni, ya mwisho ni damu, anasa na mauti. Najua Chopin hakuziandikia majina. Najua kuna kizazi cha wasomi kinachoona aibu kuwa na picha kichwani wakati wa kupiga. Mimi nimemwona msichana aliyekuwa anaipiga ile ya D minor kama anayehesabu fedha kaunta, akaambiwa maneno matatu hayo, akanyamaza kidogo, akaipiga upya, na darasa zima likageuka kumtazama. Sihitaji hoja nyingine.

Tazameni na watu waliopita mikononi mwake. Mwaka 1933 alikuwa jaji katika mashindano ya Vienna, na kijana wa miaka 16 kutoka Romania, Dinu Lipatti, akapewa nafasi ya pili. Cortot alijitoa kwenye jopo kwa kupinga uamuzi huo, akamwita kijana aje Paris kusoma kwake. Lipatti alikufa mwaka 1950 akiwa na miaka 33 tu, na onyesho lake la mwisho, Besançon, Ufaransa, mwezi Septemba mwaka huohuo, liko kwenye rekodi: Waltz za Chopin 13, ya mwisho mwili ukakataa. Mtu msafi kuliko Lipatti kwenye piano hamtampata. Kila noti mahali pake, kila noti imeoshwa. Na huyo ndiye ambaye Cortot, mkosaji wenu, alimsikia kabla ya majaji wengine wote chumbani.

Kuna Samson François, ambaye angeweza kukuvunja moyo usiku mmoja na kukuudhi kesho yake. Kuna Yvonne Lefébure, kuna Magda Tagliaferro aliyeivusha shule hii hadi Brazil. Kuna Vlado Perlemuter na Clara Haskil, ambao nitawarudia. Na wapo waliorithi bila kukaa darasani: Alfred Brendel, mtu wa Beethoven na Schubert, mtu wa akili na mpangilio, alimtaja Cortot miongoni mwa wale waliomfundisha zaidi kwa kuwasikiliza. Murray Perahia alizipitia kanda za darasa za Cortot wa uzeeni na kuzichagulia sehemu za kuchapishwa. Hao si watu wa kuvutiwa na uzembe.

Shule aliyoianzisha na Auguste Mangeot mwaka 1919, École Normale de Musique, bado iko Paris na bado inapokea wanafunzi wa kila taifa. Ukumbi wake, Salle Cortot, kazi ya msanifu Auguste Perret ya mwaka 1929, una jina la Cortot ukutani. Na ndilo jina hilo linalonifikisha kwenye jambo ambalo mwezeshaji wetu hakuligusa kabisa, huku akitumia nusu saa nzima kwenye noti.

Ufaransa ilipoanguka mwaka 1940 na utawala wa Vichy, ule wa Wafaransa walioshirikiana na Wanazi, ukaketi, Cortot aliutumikia. Hakulazimishwa kwa bunduki. Alikuwa na jina, fedha na umri wa kutosha kukaa nyumbani na kunyamaza. Aliingia katika Baraza la Taifa la utawala huo, akaongoza kamati iliyosimamia taaluma ya muziki nchini, na mwaka 1942 akaenda Ujerumani ya Wanazi, akapiga Berlin. Mwezi Oktoba 1940 utawala huohuo ulikuwa umekwisha kupitisha sheria ya kuwaondoa Wayahudi katika kazi za umma. Lazare-Lévy, mpiga piano Myahudi aliyelichukua darasa la Cortot kwenye Conservatoire mwaka 1923, aliondolewa kwa sheria hiyo.

Na wanafunzi? Clara Haskil, Myahudi kutoka Bucharest, aliyepata tuzo ya kwanza ya Conservatoire akiwa na miaka 15, ilibidi aikimbie Paris mwaka 1941 na kuvuka kwa siri hadi ukanda wa kusini, ambao Wajerumani walikuwa bado hawajaukalia. Marseille akafanyiwa upasuaji wa uvimbe uliokuwa unaubana mshipa wa fahamu wa jicho. Mwezi Novemba 1942 akafanikiwa kuingia Uswisi. Vlado Perlemuter, Myahudi aliyezaliwa Kaunas, naye alikimbilia Uswisi. Zamani walikuwa wamekaa kwenye piano, Cortot amekaa kando yao akiwaonyesha uzito wa kidole cha nne. Miaka ile ilipofika, wao walikuwa njiani na mabegi, yeye alikuwa ofisini na mihuri.

Inanipa shida zaidi nikikumbuka nyumba yake mwenyewe. Mwaka 1902 alimwoa Clotilde Bréal, binti wa familia ya Kiyahudi. Baba mkwe wake alikuwa Michel Bréal, mwanaisimu mkubwa, na nawaombeni mniruhusu nitoke njiani kidogo: Bréal huyu ndiye aliyependekeza mbio za marathoni zikimbiwe kwenye Olimpiki ya Athens ya mwaka 1896, akatoa na kikombe cha mshindi. Kila Jumapili tunapokesha tukiwashangilia vijana wetu wa Iten na Arusha wakimaliza kilomita 42, wazo tunaloshangilia lilitoka kwa baba mkwe wa Cortot. Mtu aliyekula meza moja na familia ile, aliyewajua kwa majina na kwa vicheko, hawezi kusema kwamba Wayahudi walikuwa kwake neno la gazetini.

Watetezi wake husema alikuwa anaulinda muziki wa Ufaransa, na kwamba alitumia cheo chake kuwasaidia wanamuziki kadhaa waliokuwa hatarini. Kama aliwasaidia, Mungu amlipe kwa hao. Cheo chenyewe kilibaki palepale, na sheria ikaendelea kufanya kazi yake.

Baada ya ukombozi wa Ufaransa Cortot alikamatwa, akaachiwa, kisha akafungiwa kufanya kazi ya muziki kwa mwaka mmoja. Mwaka mmoja! Mwaka 1947 aliporudi jukwaani Paris, wanamuziki wa orkestra walikataa kumsindikiza. Akapiga peke yake, Chopin, ukumbini wengine wakizomea na wengine wakishangilia. Akaondoka kwenda Lausanne, na huko ndiko alikofia mwaka 1962.

Nimesoma makala nyingi za kumsifu Cortot ambazo miaka hii minne wameipa sentensi moja, tena ile laini, ya "nyakati ngumu". Na nimesoma nyingine za kumlaani ambazo mwandishi wake ni dhahiri hajawahi kusikiliza hata upande mmoja wa santuri. Zote mbili zinanichosha, ila ile ya kwanza inanikera zaidi, kwa sababu inatoka kwetu, watu wa muziki. Sisi ndio tunaopenda kusema sanaa haina siasa. Tunaisema kwa sababu inatupunguzia kazi. Cortot mwenyewe asingeikubali kauli hiyo: mwaka 1902 alitafuta fedha na ukumbi ili Paris imsikie Wagner, wakati Wafaransa wengi bado hawajasahau walivyopigwa na Wajerumani mwaka 1870. Alijua vizuri sana muziki unakaa wapi katika dunia ya watu.

Casals, aliyeacha majukwaa kwa miaka kwa sababu ya Franco, dikteta wa Hispania, mtu ambaye kwenye jambo hili hakuwa na mchezo, alisimulia baadaye kwamba Cortot alimjia baada ya vita, akakiri aliyoyafanya bila kujitetea, akasema anaona haya, akaomba msamaha. Casals akampa mkono. Mwaka 1958, Prades, kusini mwa Ufaransa, wazee wawili hao wakapiga tena pamoja mbele ya watu. Naiheshimu hatua hiyo ya Casals kwa moyo wote. Lakini ilikuwa yake kuitoa. Si yangu mimi kumsamehe Cortot kwa niaba ya Haskil, na wala si ya mwezeshaji wa semina kuyapitia yote hayo kimya kisha akasimama kidete juu ya F-sharp iliyopotea.

Kwa hiyo msiniulize kama matoleo yake nimeyaondoa kwenye rafu. Sijayaondoa, na sina nia. Hakuna aliyeueleza ugumu wa Chopin kwa mwanafunzi kwa upendo kuliko yeye, na mtoto wa Tabata au wa Tanga anayeanza op. 10 anastahili maelezo hayo kama alivyostahili mtoto wa Paris. Ninachofanya ni kumpa na habari nzima. Kopi ya mazoezi inapotoka, nataja jina la Lazare-Lévy na kilichompata, natuma rekodi za Haskil akipiga Mozart, nasema mwaka 1942 mwalimu alikuwa wapi na mwanafunzi wake alikuwa wapi. Kisha tunaanza zoezi la kwanza.

Mwalimu mwenzangu, ninayemheshimu, ameniambia kwamba watoto wa miaka 13 na 14 ni wadogo mno kwa habari za namna hiyo, na kwamba nawaharibia Chopin. Tumebishana sana na bado hatujaafikiana. Mimi nasema mtoto anayeweza kuulizwa maana ya huzuni kwenye prélude ya E minor, na akatakiwa aitoe kwa vidole vyake mbele ya mtahini, anaweza kabisa kuambiwa huzuni ya kweli iliwapata akina nani, na nani alikuwa karibu nao wakati inawapata.